Zwide Hajafa: Tahakiki ya Izithakazelo, Majina ya Sifa ya Koo za Kizulu

Utangulizi

Katika uwanja wa fasihi simulizi ya Kiafrika, tungo za sifa za Wazulu zimepata bahati ambayo tungo nyingi za bara hili hazikuipata. Zilikusanywa mapema, zikachapishwa, zikatafsiriwa, na hatimaye zikaingia katika mitaala ya vyuo vikuu. James Stuart, aliyekuwa hakimu wa serikali ya kikoloni huko Natal, alianza kuzikusanya kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1958 C. L. S. Nyembezi alitoa Izibongo Zamakhosi, yaani sifa za wafalme. Mwaka 1968 Trevor Cope alihariri sehemu ya mkusanyo wa Stuart pamoja na tafsiri ya Daniel Malcolm, na miaka miwili baadaye Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alizipa tungo za sifa za Wabantu wa kusini nafasi pana. Msomaji wa vitabu hivi hutoka na picha moja akilini: malenga mmoja, aitwaye imbongi, amesimama mbele ya mfalme, anatiririsha sifa kwa sauti ya juu bila kupumzika, na umati unasikiliza.

Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Baada ya mfalme kuingia ndani na imbongi kunyamaza, watu wale wale waliokuwa wakisikiliza hurudi makwao, na huko nao husifiana. Mgeni akibisha hodi husifiwa. Mtoto akilia husifiwa. Mtu akimpa mwenzake maji ya kunywa husifiwa. Sifa hizi fupi, zinazotegemea jina la ukoo, ndizo ziitwazo izithakazelo. Hizi hazina malenga maalumu, hazina baraza, na kwa muda mrefu hazikuwa na mhakiki. Wataalamu wa historia walizisoma kama orodha ya mababu. Wataalamu wa fasihi walizipita wakielekea ikulu.

Makala haya yanakusudia kutetea mambo matatu. Kwanza, kwamba izithakazelo ni fasihi kamili yenye fani yake, wala si mabaki ya tungo za wafalme. Pili, kwamba kinachosemwa ndani yake si nasaba tupu bali ni dai juu ya nasaba, na madai yapaswa kuhakikiwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, kwamba urithi unaolindwa na majina haya ni mpana kuliko taifa la Wazulu lenyewe, kiasi kwamba mara nyingine majina hayo yanalipinga taifa hilo kimyakimya.

Istilahi na ngeli zake

Yafaa kuanza na maneno. Katika Kizulu kitenzi ukubonga kina maana mbili ambazo Kiswahili kinazitenga: kusifu na kushukuru. Kutokana na kitenzi hicho hupatikana nomino isibongo, ambayo katika umoja humaanisha jina la ukoo, na katika wingi, izibongo, huweza kumaanisha ama majina ya koo ama utungo wa sifa za mtu mmoja. Kitenzi ukuthakazela ni kumkaribisha au kumtaja mtu kwa furaha na heshima kwa jina la sifa la ukoo wake. Na nomino yake ni isithakazelo. Wasomaji wa Kiswahili hawatashindwa kutambua kwamba viambishi isi- na izi- ni ndugu wa ki- na vi- vyetu, na kwamba -o ya mwisho ni ile ile inayotupatia tegemeo kutokana na tegemea. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tutavipa vipashio hivi upatanisho wa ki- na vi-: isithakazelo hiki, izithakazelo hivi.

Tofauti baina ya izibongo vya mtu na izithakazelo vya ukoo ni ya msingi. Izibongo humfuata mtu mmoja: vita alivyopigana, umbo lake, kasoro zake, maneno aliyowahi kuyasema. Mtu huyo akifa, izibongo vyake huhifadhiwa kama kumbukumbu yake yeye. Isithakazelo, kwa upande mwingine, ni mali ya wote. Kila Mkhize, awe mzee wa boma au mtoto wa siku tatu, ni Khabazela. Kila Buthelezi ni Shenge. Kila Mthethwa ni Nyambose. Kila Cele ni Ndosi. Kila Khumalo ni Mntungwa. Hakuna anayestahili jina hilo kwa matendo yake, wala hakuna anayenyimwa kwa makosa yake. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Katika jamii iliyokuwa na ngazi za mfalme, wakuu, askari na watu wa kawaida, hii ilikuwa sifa pekee iliyogawiwa kwa usawa.

Fani ya utungo usio na malenga

Wapo watakaouliza: orodha ya majina itakuwaje fasihi? Swali hili linafaa kujibiwa kwa kuangalia sarufi kwanza, kwa maana uzuri wa utungo huu umejificha humo.

Katika Kizulu jina la mtu hubeba irabu ya mwanzo: uMkhize, uZwide. Mtu anapoitwa, irabu hiyo hudondoka. Izithakazelo vyote husemwa katika hali hii ya kuita. Havisimulii kwamba hapo kale alikuwapo mtu aitwaye hivi, vinamwita. Na aliye mbele ya msemaji, anayeitwa, si yule babu bali ni mjukuu wa mjukuu wake, aliyeketi na bakuli mkononi. Tena, mnyororo unaporefuka, husaidiwa na kiwakilishi wena, yaani wewe, na kiunganishi ka- kinachomfunga mwana kwa baba. Kwa hiyo nafsi ya pili umoja inawabeba watu wawili kwa pamoja, aliye hai na aliyekufa, na sarufi haitupi njia yoyote ya kuwatenganisha. Mshairi wa maandishi angehitaji beti nyingi kuieleza fikra hii ya kwamba wafu wangali nasi. Isithakazelo kinaitimiza kwa kudondosha irabu moja.

Sifa ya pili ya fani hii ni unyumbufu wake. Isithakazelo chaweza kuwa jina moja linalotupwa njiani kama salamu, na chaweza kuwa mnyororo mrefu wa majina, visa na mafumbo unaosemwa mbele ya ng'ombe wa sadaka. Msemaji ndiye anayepima. Shukrani ya maji hutosheka na jina moja. Shukrani ya maisha yaliyookolewa haitosheki. Wajumbe wa posa, abakhongi, wanapofika alfajiri langoni mwa nyumba ya msichana, hupaza sauti wakitaja majina ya ukoo wa wenyeji. Hawataji sifa za kijana wao, wala mali yake. Wanatangaza kwamba wanajua ni mlango wa nani wanaoubisha. Wakikosea mpangilio, au wakichanganya tawi moja la ukoo na lingine, wenyeji wana haki ya kuwacheka au kuwaacha wasimame hapo. Hapa tunaona kipimo halisi cha uhakiki kilichomo ndani ya jamii yenyewe, kabla hata mhakiki wa chuo kikuu hajafika na vipimo vyake.

Sifa ya tatu ni ufupisho. Baadhi ya vipande vya izithakazelo si majina ya watu bali ni visa vilivyobanwa hadi vikawa neno moja au mawili: safari, ugomvi wa ndugu, mto uliovukwa, mnyama aliyeliwa au asiyeliwa. Vipande hivi vinafanana na methali ambazo ngano zake zimesahauliwa. Mara nyingi hata wenye ukoo hawajui tena kisa chenyewe. Hili limewafanya baadhi ya wakusanyaji kuona kwamba wamepata maneno matupu. Sisi hatukubali. Neno ambalo maana yake imefifia lakini bado linamtuliza mtoto si neno tupu. Limebadili kazi tu, kutoka kusimulia hadi kuunganisha.

Nasaba au hoja?

Wanahistoria wa kwanza wa eneo hili walivutiwa na majina haya kwa sababu nyingine. A. T. Bryant, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1929, alipanga koo za Natal na Zululand katika makundi na kufuatilia mababu zao, akihesabu vizazi ili kukadiria miaka. Kabla yake, mwaka 1922, Magema Fuze alikuwa ametoa Abantu Abamnyama Lapa Bavela Ngakona, kitabu cha kwanza cha Kizulu kuandikwa na mwandishi Mzulu, ambacho jina lake lenyewe linatangaza dhamira yake: watu weusi na walikotoka. Tofauti baina ya wawili hawa inafaa kuzingatiwa. Bryant aliyatazama majina kama mawe ya mipaka ambayo mpimaji huyakuta shambani. Fuze aliyaandika akiwa mwana wa jamii iliyokuwa ikipokonywa ardhi, naye alijua kwamba kusema tulikotoka ni kudai kitu.

Utafiti wa baadaye umempa Fuze haki zaidi. Carolyn Hamilton na John Wright, katika makala yao ya mwaka 1990, walionyesha kwamba mgawanyo wa amantungwa na amalala, ambao wengi waliudhani ni wa asili na wa kale, ulipata nguvu zake katika siasa za ufalme wa Shaka. Koo zilizokuwa karibu na kitovu cha utawala zilihimizwa kujiona kuwa za asili moja, amantungwa, wakati watu waliotawaliwa na kutozwa kodi pembezoni walibandikwa jina la dharau la amalala. Ikiwa hivyo ndivyo, basi jina Mntungwa, ambalo Khumalo husifiwa kwalo leo, halikukaa pembeni ya siasa. Katika mazingira ya ufalme huo mpya jina la namna hii liliweza kuwa hati ya uraia.

Mifano ya koo kugawanyika na kuungana ni mingi. Ukoo wa Gumede husifiwa kwa jina la Qwabe, naye Qwabe kwa mapokeo ni mwana wa Malandela na ndugu wa Zulu mwenyewe aliyezaa ukoo wa kifalme. Wenye jina la Hadebe na wenye jina la Mthimkhulu wamekuwa na majina mawili ya kiserikali, lakini katika izithakazelo wanakutana kwa Bhungane, mtawala wa zamani wa Wahlubi. Vivyo hivyo Nxumalo na Ndwandwe. Jina la sifa la kizazi kimoja huweza kuwa jina la ukoo la kizazi kingine, na jina la ukoo likageuka sifa. Anayesoma orodha hizi kama nasaba iliyonyooka atapotea.

Lakini hapa yatupasa kuwa waangalifu. Kuna mhakiki ambaye, akishagundua kwamba mapokeo yametengenezwa, hudhani kazi yake imekwisha. Huyo anafanana na mtu aliyegundua kwamba nyumba imejengwa kwa mikono ya watu, akatoka nje akalala kwenye mvua. Kila nasaba imetengenezwa. Swali la maana ni: imetengenezwa na nani, dhidi ya nani, na inamsitiri nani? Tukiuliza hivyo, izithakazelo vinaanza kutoa majibu ambayo tungo za ikulu haziwezi kuyatoa.

Adui anayesifiwa

Mfano ulio bora kuliko yote ni Zwide. Zwide mwana wa Langa alikuwa mtawala wa Wandwandwe, na karibu na mwaka 1818 ndiye aliyemuua Dingiswayo wa Wamthethwa, mlezi wa Shaka katika mambo ya utawala na vita. Muda si mrefu baadaye Shaka alimshinda Zwide na kuuvunja ufalme wake. Wandwandwe wakatawanyika. Soshangane alielekea Msumbiji akaanzisha dola la Gaza, lililodumu hadi Wareno walipomkamata Gungunhana mwaka 1895. Wengine walibaki, wakawa raia wa mshindi, na wajukuu wao wakawa Wazulu kwa lugha, kwa jeshi na kwa jina.

Katika tungo za sifa za Shaka, ushindi juu ya Wandwandwe ni miongoni mwa mambo makuu yanayotukuzwa. Huko Zwide ni aliyeshindwa. Lakini kwa familia ya Nxumalo, asubuhi ya siku yoyote, jirani anayetaka kuwa na adabu humwita mwenye nyumba kwa jina la Zwide, na humwita kwa furaha. Jirani huyo aweza kuwa mtu wa ukoo wa Zulu wenyewe. Adabu inamlazimu amtukuze adui wa mfalme wake.

Hebu tuupime uzito wa jambo hili. Tungo za wafalme ni sauti ya mshindi, na dola lolote lina uwezo wa kuhifadhi sauti ya namna hiyo. Izithakazelo vimehifadhi sauti ya walioshindwa, tena si mafichoni bali hadharani, katika kinywa cha mshindi mwenyewe. Nyambose hutukumbusha kwamba Wamthethwa walikuwa dola kabla ya Wazulu. Bhungane hutupeleka kwa Wahlubi, ambao Langalibalele wao alishtakiwa na serikali ya Natal baada ya mgogoro wa mwaka 1873 na kupelekwa kisiwa cha Robben. Khumalo hutupeleka kwa Mzilikazi aliyemkimbia Shaka akaanzisha dola la Wandebele, ambalo baadaye lilikita katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Ukiyaweka majina haya pamoja, unapata ramani ya kusini mwa Afrika kabla mipaka ya taifa lolote la sasa haijachorwa, na unapata pia orodha ya kesi ambazo hazijafungwa.

Kwa hiyo, wanaosema kwamba izithakazelo ni nguzo ya utaifa wa Kizulu wanasema kweli kidogo. Ni nguzo, lakini kila nguzo imechongwa katika msitu wake. Taifa lililojengwa kwa mkuki lililazimika kuwaachia raia wake kitu kimoja ambacho mkuki haukuweza kukichukua, na kitu hicho ni haki ya kuitwa kwa jina la babu yao.

Mwanamke baina ya majina mawili

Uhakiki wetu hautakuwa wa haki tukiishia katika sifa. Majina yaliyomo katika izithakazelo, kwa sehemu kubwa, ni ya wanaume. Mnyororo wa ka- humfunga mwana kwa baba, na mama hapiti ndani yake isipokuwa kwa nadra.

Tazama sasa hali ya mwanamke aliyeolewa. Hapotezi jina la kwao: binti wa Khumalo huitwa MaKhumalo hadi kaburini, na anayemshukuru humsifu kwa ukoo wa baba yake. Hata hivyo, katika boma la mume hufungwa na desturi ya hlonipha, inayomkataza kutamka jina la baba mkwe na hata maneno yenye silabi zinazofanana nalo, mpaka wanawake wamejiundia msamiati mzima wa kukwepa. Lakini mwanamke huyu huyu ndiye anayembeba mtoto. Mtoto akilia usiku, mama au nyanya humtuliza kwa izithakazelo vya ukoo wa baba. Ndiye mwalimu wa kwanza wa nasaba ambayo si yake. Urithi unaojitangaza kuwa wa wanaume umepita, kizazi baada ya kizazi, katika vinywa vya wanawake waliotoka koo nyingine.

Wala mwanamke hakuwa bomba tu la kupitishia maneno ya wengine. Mama humtungia mtoto wake izangelo, vijitungo vya kumbembeleza ambavyo mara nyingi hubeba malalamiko yake mwenyewe dhidi ya wakwe, wake wenza au mume. Mwaka 1979 Elizabeth Gunner alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanawake kama watunzi na waghani wa izibongo, na tangu hapo haifai tena kwa mtaalamu yeyote kusema kwamba sifa za Kizulu ni sanaa ya wanaume.

Liko jambo jingine linalouma zaidi. Mtoto aliyezaliwa kabla baba hajatimiza masharti ya posa au fidia kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa ukoo wa mama. Akilia, huitwa kwa mababu wa mama. Akiwa mtu mzima aweza kuamua kufanya tambiko la kupokewa katika ukoo wa baba, na kuanzia siku hiyo majirani wambadilishie salamu. Wengine hawafanyi kamwe. Kwa watu kama hawa, isithakazelo si pambo la utamaduni. Ni jibu la swali ambalo kila mtu huulizwa mlangoni: wewe ni wa nani?

Karatasi na jukwaa

Ukoloni uliyagusa majina haya kwa namna mbili. Kwanza uliyagandisha. Baada ya Natal kutwaliwa na Waingereza mwaka 1843, na Zululand mwaka 1887, serikali ilihitaji majina ya kuandika katika daftari za kodi, na baadaye katika vitambulisho na pasi. Jina moja tu lilitakiwa. Kilichochaguliwa kiliganda kuwa jina la familia, na yaliyobaki hayakuandikwa popote. Ndiyo maana ndugu wa ukoo mmoja waweza leo kuwa na majina mawili tofauti katika vitambulisho, moja lililokuwa jina la ukoo na jingine lililokuwa sifa. Karani aliwatenganisha, salamu huwaunganisha. Wanaume walipokwenda migodini Johannesburg na kukutana humo na maelfu ya wageni, ni isithakazelo kilichowaambia nani ni ndugu, nani ni shemeji, na nani hawezi kuolewa.

Pili, siasa za karne ya 20 ziliyatoa majina haya katika boma na kuyapandisha jukwaani. Dunia nzima ilimwita Nelson Mandela kwa jina la Madiba, ambalo ni jina la ukoo wake wa Kithembu, kutokana na mtawala wa karne ya 18. Kwa Waxhosa majina ya namna hii huitwa iziduko. Mangosuthu Buthelezi, aliyeanzisha Inkatha mwaka 1975 na kufariki mwaka 2023, aliitwa Shenge na wafuasi na wapinzani wake pia. Jacob Zuma, rais wa Afrika Kusini kuanzia mwaka 2009 hadi 2018, alitajwa kwa jina la Msholozi katika nyimbo, katika mabango na katika magazeti.

Hapa mhakiki hana budi kuonya. Isithakazelo kinapotamkwa baina ya majirani, kila mmoja humsifu mwenzake kwa zamu. Leo wewe ni Shenge, kesho mimi ni Khabazela. Kinapotamkwa na umati kwa mtu mmoja jukwaani, zamu hiyo inakatika. Umati unasifu, lakini kiongozi hawezi kuwasifu wote kwa majina ya koo zao. Heshima inabaki, usawa unatoweka. Na kwa kuwa si adabu kumhoji mzee uliyekwisha kumwita kwa jina la babu yake, ukoo unageuzwa ngao ya mtawala. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, damu nyingi ilimwagika Natal na katika mabweni ya wafanyakazi kandokando ya Johannesburg, na urithi wa Kizulu ulikuwa miongoni mwa bendera zilizoinuliwa. Waliouawa na waliowaua mara nyingi walikuwa na izithakazelo vile vile.

Songea: jina lililobaki lugha ilipoondoka

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Baada ya kuvunjika kwa ufalme wa Zwide, kundi moja likiongozwa na Zwangendaba wa ukoo wa Jele lilielekea kaskazini. Lilivuka mto Zambezi mwezi Novemba mwaka 1835, siku ambayo jua lilipatwa, na likafika Ufipa, ambako Zwangendaba alifariki katika miaka ya 1840. Matawi yake yalienea Malawi, Zambia na Tanzania. Huko Songea palijengwa tawala mbili, Njelu chini ya ukoo wa Gama na Mshope chini ya ukoo wa Tawete. Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Kingoni mwezi Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, Nkosi Mputa Gama alikuwa miongoni mwao.

Kwa wataalamu wa lugha, hali ya Songea ina fundisho. Lugha iitwayo leo Kingoni katika mkoa huo, ambayo Guthrie aliipa alama ya N12, si Kinguni tena. Ni lugha ya jirani na Kimatengo na Kindendeule. Wake na mateka walioingizwa katika msafara walileta lugha zao, na watoto wakazungumza lugha za mama zao. Katika vizazi vichache sarufi nzima ikapotea pamoja na irabu ile ya kuitia tuliyoieleza hapo juu. Majina yalibaki. Gama, Jele, Maseko na Nkosi yangali majina ya watu. Na huko Malawi neno chibongo bado humaanisha jina la ukoo, likiwa limebadili isi- kuwa chi- tu.

Aidha, majina hayo yaliwapokea wasiokuwa wa asili ya kusini. Jina la Mbano, la shujaa Songea ambaye mji umeitwa kwa jina lake, huhesabiwa miongoni mwa yale yaliyojiunga na msafara njiani, katika nchi ya Zimbabwe. Kama urithi ungekuwa ni damu tu, Mbano hangekuwa na nafasi. Alikuwa nayo kwa sababu tangu mwanzo ukoo katika mapokeo haya ulikuwa mahali pa kupokewa, si pa kuzaliwa pekee.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba izithakazelo havistahili kuachwa ukumbini huku wahakiki wakikimbilia ikulu. Vina fani, nayo imejengwa katika sarufi ya kuita. Vina dhamira, nayo ni kuamua nani ni wa nani. Vina mgongano ndani yake: husawazisha watu wa ngazi mbalimbali lakini huwaficha wanawake, huwahifadhi walioshindwa lakini huweza kukodishwa na wenye nguvu.

Kutokana na haya, liko somo kwa sisi tunaofundisha na kukusanya. Mwanafunzi anayerudi kutoka nyanjani na orodha ya majina, yawe ya Kizulu au ya pakruok ya Wajaluo, hajaleta fasihi bado. Ameleta mifupa. Na atuambie nani alilitamka jina, kwa nani, wakati gani, na kwa malipo ya wema upi. Na atuambie nani alikuwapo asiitwe. Kitabu cha Liz Gunner na Mafika Gwala cha mwaka 1991, kilichoweka sifa za watu wa kawaida pamoja na za wakubwa, kilielekeza njia hiyo. Wengi bado hawajaifuata.

Shaka alimshinda Zwide karibu na mwaka 1819, akaivunja himaya yake na kuwatawanya watu wake hadi kwenye mipaka ya nchi yetu ya jirani. Malenga wa mfalme waliusifu ushindi huo, na wataalamu wakauandika. Lakini leo hii, katika nyumba fulani ya Nxumalo huko KwaZulu-Natal, bibi aliyezaliwa katika ukoo mwingine anambembeleza mtoto asiyejua kusema, naye anamwita Zwide.